Irna Phillips na Jina la "Opera ya Sabuni"

Katika tafsiri zinazopita mezani petu, mara kwa mara twakuta "opera ya sabuni". Kila neno hapo laeleweka. Yakiunganishwa, hayamwelezi msomaji kitu. Kabla ya kulipokea au kulikataa jina hilo, yafaa tuzitazame kazi za mtunzi aliyeiasisi fani yenyewe.

Irna Phillips (1901–1973), Mmarekani aliyekuwa mwalimu kabla ya kuingia redioni, alianza kutunga Painted Dreams katika kituo cha WGN, Chicago, mwaka 1930. Kituo kilipodai kuwa mchezo ule ni mali yake, aliondoka, na tangu hapo akajihadhari kushika mwenyewe haki za tungo zake. Guiding Light ilianza redioni mwaka 1937, ikaingia televisheni mwaka 1952, ikakoma mwaka 2009. As the World Turns, aliyoianzisha mwaka 1956, ilitumia dakika 30 badala ya 15 zilizozoeleka, ikadumu hadi mwaka 2010.

Ustadi wake haumo katika visa, bali katika matumizi ya wakati. Siku ya mhusika huenda sambamba na siku ya mtazamaji. Dakika zile zilizoongezwa hakuzijaza matukio. Aliziachia mazungumzo ya jikoni na kimya kinachofuata neno zito. Aghalabu wahakiki waliuita mwendo huo uzembe. Sisi twauona kuwa ndio msingi wa fani.

Hata hivyo, dunia yake ilikuwa finyu: nyumba za watu wenye nafasi, na huzuni inayokatizwa ili bidhaa ya mdhamini isifiwe. Agnes Nixon, aliyejifunza kazi kwake, ndiye aliyeupanua uwanja huo kwa kuingiza suala la ubaguzi wa rangi katika One Life to Live (1968).

Turudi kwenye istilahi. Jina la Kiingereza lilizuka magazetini katika miaka ya 1930 kama kejeli, kwa kuwa wadhamini wakuu walikuwa makampuni ya sabuni. Tukilifasiri neno kwa neno, twaingiza dharau ya wengine bila kuujua ugomvi wao. Isitoshe, Twende na Wakati, mchezo uliorushwa na Redio Tanzania kuanzia mwaka 1993, ulifundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Ungeitwaje wa sabuni?

"Tamthilia ya mfululizo" lafaa zaidi, lakini halitoshi peke yake, maana hata tamthilia za Amerika ya Kusini ni za mfululizo, nazo hufika tamati. Phillips alitunga hadithi isiyokusudiwa kwisha. Kwa hiyo twapendekeza "tamthilia ya mfululizo" liwe jina la jumla, nalo ligawanywe: "yenye kikomo" na "isiyo kikomo". Istilahi njema huitaja kazi ya kitu, si aliyekilipia.