Kidole Gumba Hakilali

Kabla ya wimbo kuna kukaza nyuzi, na mzee huyu hana haraka. Ameketi kwenye benchi barazani mwa duka, karibu na Butere, gitaa limelala pajani, sikio lake limeinama juu ya tundu. Anagusa uzi mnene, anausikiliza mpaka unyamaze wenyewe, anazungusha kigingi kidogo, anagusa tena. Mmoja kati ya nyuzi sita haukutoka dukani. Ni waya aliouchambua kwenye kebo ya breki. Mchana yeye ni fundi baiskeli, na tabia za waya huo anazijua.

"Huu huchelewa kukubali," aliniambia. "Lakini ukishakubali, haugeuki."

Hili ndilo watu huliita gitaa kavu: halina umeme wala spika, sauti yote inatoka kwenye mbao na mikono. Kwa hiyo lazima usogee. Nilipofika nilisimama mbali kwa adabu za mgeni, nikapata nusu tu ya muziki. Nilipoketi hatua mbili kutoka kwake nilianza kusikia mengine: pumzi anayovuta kabla ya ubeti, na mkwaruzo mdogo wa ngozi kila vidole vinapohama juu ya waya. Mkwaruzo huo naupenda sana. Ni sauti ya kazi yenyewe.

Anapiga omutibo, mtindo wa Waluhya uliojulikana Kenya nzima kupitia George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Mkono wa kulia unatumia vidole viwili tu. Gumba linashika nyuzi nene, kidole cha shahada kinaimba kwenye nyembamba. Nilimwomba anitenganishie. Akapiga gumba peke yake, polepole, mwendo usiopanda wala kushuka. Kisha shahada peke yake, na hapo nikachanganyikiwa, maana noti zake ziliangukia mahali nisipozitarajia, katikati ya hatua za gumba. Alipozirudisha pamoja nilikumbuka wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja: mchi huu unapanda ule ukishuka, na haigongani hata wakizungumza. Yeye naye huzungumza. Alimsalimu mteja, akamwelekeza baiskeli yake ilipo, na gumba halikukosa hata pigo moja. Mwaka wa kwanza wa kujifunza, anasema, mwalimu wake hakumruhusu kugusa nyuzi nyembamba kabisa.

Kando yake mpwa wake ameshika chupa ya zamani ya Fanta, ile ya kioo yenye mapete, na msumari mrefu. "Mjomba, niingie?" Mzee anatikisa kichwa: bado. Mizunguko miwili inapita. Kisha anainua nyusi, na chupa inaanza kulia, kali na nyepesi, na ghafla mguu wangu unacheza kabla sijauamrisha.

Hakuna anayemjua mzee huyu ng'ambo ya soko hili. Sisemi hivyo kwa kumhurumia. Hata Jean-Bosco Mwenda, ambaye gitaa lake lilifunza vidole vingi Afrika Mashariki, alikuwa kijana wa mjini tu hadi mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mjini Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Alikuwa na umri wa miaka 22 hivi, na ule ustadi aliufikisha mbele ya mashine ukiwa tayari umekamilika. Barazani hapa pia umekamilika. Na kwa kuwa hakuna jina kubwa lililotangulia kuniambia nisikie nini, kila noti ilinifikia kama habari mpya.

Mvua ilianza katikati ya wimbo wa mzee kwa marehemu mkewe. Mvua za huku hupiga mabati kwa nguvu. Nilidhani ameshindwa. Hakupaza sauti. Alisimamisha wimbo, akachukua penseli iliyofungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akaipandisha shingoni mwa gitaa na kuibana juu ya nyuzi zote sita. Akaanza upya. Sauti sasa ilikuwa ya juu, nyembamba, na ilipenya katikati ya kishindo cha mvua kama sindano kwenye gunia. Watu waliokuwa ukingoni mwa baraza wakaingia ndani, wakabanana, magoti yakigusana na benchi lake. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi alikuwa ameshika chenji ya mteja mkononi. Mteja hakuidai.

Alipofika mwisho aliugusa ule waya wa breki mara moja, akaondoa mkono asiuzime. Mpwa akaibana chupa kifuani isitoe mlio. Waya ukalia, ukapungua, ukalia bado, mpaka sikuweza tena kuutenga na mvua.

Ndipo mama akahesabu shilingi zake na kumpa mwenyewe.