Sauti ya Mmoja, Sura ya Mwingine: Suala la Nafsineni katika Nyimbo za Technotronic

Technotronic ni kundi lililoundwa nchini Ubelgiji na mtayarishaji wa muziki Jo Bogaert. Wimbo wake "Pump Up the Jam" (1989), unaounganisha mdundo wa hausi na ughani wa hip-hop, ulifika nafasi ya pili katika chati za Uingereza na Marekani. Wahakiki wanaouona kuwa zao la mashine tu hawakosei kuhusu ala. Wanakosea kuhusu maneno. Wimbo umejengwa juu ya amri fupi fupi, kuanzia anwani yenyewe, ambazo zikiandikwa karatasini hazina uzito. Uzito huo unaletwa na mghani, nusu akisema, nusu akiimba.

Mghani huyo ni Ya Kid K, jina la kisanii la Manuela Kamosi, mzaliwa wa Kinshasa. Hata hivyo, aliyeonekana katika video na kwenye jalada ni Felly, mwanamitindo Mkongo, akifuatisha kwa midomo maneno yasiyotamkwa naye. Kwa kawaida uhakiki hutenganisha mtunzi na nafsineni. Hapa nafsineni yenyewe imepasuliwa: sauti upande mmoja, mwili upande mwingine. Matokeo yake ni ya kimaana, si ya kimaadili pekee. Kwa msikilizaji, amri zile ni za kiongozi wa ukumbi. Kwa mtazamaji, zinageuka mwaliko wa mrembo anayetazamwa. Felly hastahili lawama, kwani naye alitumiwa.

"Get Up! (Before the Night Is Over)" unafanana mno na wimbo uliotangulia, jambo ambalo ni udhaifu wa kifani lakini ni manufaa kwa ulinganishi. Kilichobadilika hasa ni kwamba safari hii Ya Kid K alitajwa na kuonekana. Wimbo ulifika nafasi ya pili Uingereza na ya saba Marekani mwaka 1990. Kama kulikuwa na hofu kwamba hadhira ingeikataa sura yake, haikuwa na msingi.

Hali hii haikuwa ya Ubelgiji peke yake. Mwaka huohuo wa 1989, kundi la Black Box la Italia lilitumia katika "Ride on Time" sauti ya Loleatta Holloway iliyochukuliwa kutoka rekodi ya awali, huku mwanamitindo Katrin Quinol akijifanya kuimba. Tofauti ni kwamba Ya Kid K alirudishiwa sura yake. Mwaka 1992 "Move This", wimbo mwingine wa albamu ileile ya kwanza, ulivuma Marekani baada ya kutumiwa katika tangazo la Revlon: sauti iliyowahi kuazimwa sura ya mwingine ikauza vipodozi.