Picha na Ahadi Yake

Wako wasemao kwamba picha ikishaguswa baada ya kupigwa imekwisha kuwa uongo. Kauli hiyo hatuwezi kuikubali yote, wala kuikataa yote.

Mwaka 1941 Ansel Adams alipiga picha ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, Marekani. Miaka iliyofuata, kila alipoisafisha upya katika chumba cha giza, alizidi kulitia anga weusi, hata mawingu hafifu ya juu yakafifia. Hata hivyo aliitoa kama kazi ya sanaa, wala hakudai kuleta habari.

Mwezi wa Februari 1982 jarida la National Geographic lilitia piramidi za Giza, Misri, kwenye jalada lake. Picha ilikuwa ya mlalo, jalada ni la wima. Basi piramidi zikasogezwa kwa kompyuta ili zienee. Mhariri alijitetea kwamba ni sawa na kumsogeza mpiga picha kidogo. Utetezi huo hautoshi: mpiga picha hakusogea, na msomaji hakuambiwa.

Adams aligeuza mengi tusimlaumu. Jarida liligeuza dogo likalaumiwa. Kosa, basi, halipimwi kwa wingi wa mabadiliko, bali kwa ahadi aliyopewa mtazamaji. Mfasiri naye huchagua maneno, wala hatumwiti mwongo mpaka ageuze maana.

Tuwafundishapo wanafunzi wetu kusoma picha, tuwazoeze kuuliza kwanza: hii imetuahidi nini?