Kabla Kamera Haijaingia Puani

Mgonjwa ameshalala usingizi wa dawa. Daktari ameshika fimbo nyembamba yenye kamera, kipenyo chake milimita 4, itakayopita tundu la pua hadi kwenye sainasi, na pengine hadi kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Usoni hakutabaki kovu. Hiyo ndiyo raha ya upasuaji huu, na hila yake iko hapo hapo: skrini hukuza kila kitu, milimita moja ikaonekana uwanja mzima, hata mtu akasahau kwamba ukuta unaotenganisha pua na jicho ni mwembamba kiasi kwamba jina lake la Kilatini limetokana na karatasi.

Orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008, ina hoja 19. Ilijaribiwa katika hospitali 8 za miji minane, na mojawapo ni ya kwetu, St. Francis ya Ifakara. Matokeo yalipochapishwa Januari 2009, vifo vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Si jambo dogo kwa karatasi moja. Lakini orodha hiyo iliandikwa kwa ajili ya upasuaji wa kila namna, wa ngiri na wa goti vilevile. Inauliza jina la mgonjwa, mahali pa kupasua, mzio, hatari ya kupoteza damu nyingi. Hatari zilizo maalumu kwa pua haizigusi, na kwa sababu hiyo wapasuaji wa fani hii wameandika orodha zao wenyewe juu ya ile ya jumla.

Nyingi huanzia kwenye picha za CT. Swali la kwanza linachekesha: kushoto ni wapi? Kwa desturi picha hutazamwa kana kwamba mgonjwa amekuelekea, hivyo kulia kwake kuko kushoto kwako. Aliyechoka anaweza kukosea hapo, na ndiyo maana upande hutamkwa kwa sauti picha ikiwa imewashwa, mbele ya wote.

Baada ya hapo timu hupita mahali patano ambapo wanaotumia Kiingereza hupakumbuka kwa neno CLOSE, herufi moja kwa kila mahali. Kuna paa la pua, yaani sakafu ya ubongo. Tangu mwaka 1962 kina cha shimo lake hupimwa kwa madaraja ya Keros: milimita 1 hadi 3, 4 hadi 7, na 8 hadi 16. Shimo likiwa refu, mfupa mwembamba wa ubavuni mwake huwa wazi zaidi mbele ya chombo, na ukitobolewa, maji ya ubongo huvujia puani. Kuna ule ukuta wa karatasi. Kuna seli ya Onodi, kijumba cha hewa ambacho baadhi ya watu wanacho na wengine hawana, na neva ya kuona huweza kupita ukutani mwake. Kuna sainasi ya sfenoidi, ambamo kizingiti cha mfupa mara nyingine huwa kimeshikamana na ganda la ateri ya karotidi. Ukikivunja kwa kukizungusha, unaweza kuichana ateri yenyewe. Na kuna ateri ndogo ya ethmoidi. Ikikatwa hurudi ndani ya tundu la jicho na kuvuja humo, na shinikizo lake likiachwa huua uwezo wa kuona. Ndiyo sababu macho ya mgonjwa huachwa bila kufunikwa, yaangaliwe muda wote.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, hoja yenye thamani kubwa kuliko zote haimo kwenye picha. Iko mezani kwa muuguzi. Ili kubana mishipa ya damu, pamba hulowekwa adrenalini kali ya 1:1,000 na kuwekwa puani. Ile ya kuchoma kwa sindano huwa 1:100,000, dhaifu mara mia. Zote mbili hazina rangi. Mwaka 1995, huko Florida, mtoto aliyekuwa akifanyiwa upasuaji wa sikio alifariki baada ya kuchomwa ile kali, iliyokuwa katika kikombe kisicho na lebo. Tangu hapo orodha makini hudai mambo mawili: kila chombo kiwe na lebo, na anayempa daktari bomba la sindano ataje dawa na nguvu yake. Vituo vingine hutia rangi ile ya pamba. Ni ujanja mzuri, kwa kuwa jicho huona rangi hata akili ikiwa imechoka.

Mwishoni huhesabiwa pamba, pamoja na gozi la kooni linalozuia damu isiteremke. Likisahaulika huziba njia ya hewa.

Je, karatasi inatosha? Hospitali 101 za Ontario, Kanada, zilipoanza kutumia orodha za jumla kama ile ya kwanza, uchunguzi wa mwaka 2014 haukuona vifo kupungua kwa kiwango cha kuaminika. Siushangai. Orodha inayosomwa huku daktari ameshaanza kazi ni kama konda anayehesabu abiria gari likiwa limeshaondoka. Ningependa msomaji wa orodha awe muuguzi, awe na ruhusa ya kusimamisha mikono ya bingwa, na vituo vya kusimama na kusoma katikati ya kazi viwe zaidi ya kimoja.

Kituo kimoja kiwe pale timu inapofika kwenye sakafu ya pituitari, karotidi ikiwa kulia na kushoto. Swali ni moja: Dopla, kifaa cha kusikilizia mwendo wa damu, iko wapi, na inafanya kazi? Zinyamaze simu na mazungumzo, ncha ya kifaa iguse utando, wote wasikilize. Mvumo wa ateri ukisikika pale kisu kilipokusudiwa kupita, kisu kinahamishwa.