Hereni ya Diski

Juni 2025, katika viwanja vya Nanenane vya Nyakabindi, Bariadi, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Ng'ombe huvishwa hereni yenye namba, na namba hiyo ni yake, awe malishoni Itilima au mnadani Meatu. Mfugaji anayewajua ng'ombe wake kwa rangi na pembe aweza kuiona hereni kuwa usumbufu. Lakini makundi mawili yakichanganyika lamboni, kusema "wangu ni yule wa tatu kutoka mbele" hakumsaidii mtu. Kazi ya fundi wa seva imesimama juu ya jambo hilohilo, kujua diski ipi ni ipi, nasi tunaisifu kidogo mno.

Katika mfumo wa Linux, diski inayotambuliwa kwanza mashine inapowaka huitwa sda, inayofuata sdb, na kuendelea. Hayo ni majina ya foleni. Ongeza kadi ya kidhibiti, au diski moja ichelewe kuamka, na iliyokuwa sdb jana leo ni sdc. Mfumo wa Solaris ulikuwa na adabu zaidi: c1t3d0 ilikutajia kidhibiti cha 1, anwani ya 3, diski 0, yaani boma, zizi na ng'ombe mwenyewe ndani ya jina moja fupi. Kwenye Linux fundi huutafuta ukoo huo mwenyewe. Amri ya lsscsi humpa kidhibiti na anwani. Saraka ya /dev/disk/by-path humwonyesha njia. Amri ya smartctl humsomea namba ya kiwandani, ileile iliyochapwa kwenye lebo ya diski. Njia husema diski imekaa wapi, namba husema ni ipi. Mwenye moja tu bado anakisia.

Na kukisia kuna gharama. Safu ya diski ya RAID 5 huvumilia kufa kwa diski moja tu. Fundi akija kuiondoa iliyokufa, akachomoa jirani yake iliyo nzima, safu yote husimama, pamoja na majalada ya wagonjwa au hesabu za pamba za msimu mzima zilizomo.

Wapo watakaosema taa ya mashine yatosha kuonyesha diski mbovu. Taa ni msaada mzuri, lakini huwaka pale programu inapoiagiza. Ukiipa programu jina lisilo sahihi, itakuwashia taa ya diski isiyo sahihi. Tena mashine nyingi za bei nafuu, zenye diski zilizofungwa kwa skrubu ndani ya kasha, hazina taa hiyo kabisa. Wengine watasema data zimehamia mawinguni. Huko nako kuna ukumbi wenye diski, na mtu anayezichomoa kwa mkono.

Basi fundi wa Bariadi, Maswa au Lamadi, chukua karatasi, andika kidhibiti, tundu na namba ya kila diski, kisha uibandike ndani ya mlango wa kabati la seva. Ifanye kazi hiyo leo, diski zote zikiwa hai. Diski iliyokufa mara nyingi haiwezi tena kuitaja namba yake.