Utubora na Ndama wa Jirani

Katika riwaya ya Utubora Mkulima, Shaaban Robert anamchora mtu anayeacha kazi ya mjini akaenda kulima Busutamu. Ubora wa kazi hii ni kuonyesha kuwa anayewafaa wanakijiji ni yule anayeishi nao na kuzijua shida zao. Udhaifu wake ni kwamba wema unamtegemea mtu mmoja. Akiondoka, nani ataendelea? Hapa Rwanda, mpango wa serikali wa Girinka, ulioanza mwaka 2006, una jibu: maskini hupewa ng'ombe, naye humpa jirani ndama jike wa kwanza. Kutoa ni moyo, si utajiri. Sisi wa Sonatubes tunapochangia vikundi vidogo vya mbali, tuanze na vile ambavyo mpokeaji naye hutoa.