Mkono Unaoijua Bolti

Maisha ya Kisaju yanaendeshwa na injini ndogo. Kando ya barabara ya Namanga, kati ya Kitengela na Isinya, ardhi iliyokuwa malisho imekatwa ploti, na aliyejenga pasipo na mfereji huchimba kisima au hununua maji ya boza. Vyovyote vile atahitaji pampu ya kuyapandisha maji hadi kwenye tangi. Baadhi ya pampu hizo huzungushwa na injini ya petroli ya silinda moja, Honda GX160 ya sentimita za ujazo 163, au nakala yake iliyotengenezwa China. Injini hiyo hufanya kazi kwenye vumbi, hurushiwa maji ya kisima yenye chumvi, kisha mvua zikinyesha hulazwa stoo miezi kadhaa. Siku mwenyewe anapotaka kuifungua, bolti zimeshika.

Zinashika kwa sababu kichwa cha silinda ni cha alumini ilhali bolti ni za chuma. Maji ya chumvi yakiingia kati ya metali hizo mbili, alumini huliwa na kuacha unga mweupe unaojaa kwenye thredi. Upande wa ekzosi kuna balaa la pili: joto kali kisha baridi, kila siku, mpaka chuma kiote kutu. Kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na ndani ya tundu la milimita nane nafasi hiyo haipo. Kwa hiyo hujibana yenyewe.

Pampu niliyoitazama ikitengenezwa ilikuwa imekatika bolti moja kati ya mbili zinazoshikilia ekzosi, zile zisizo na kichwa, zenye thredi ncha zote mbili. Kijana aliyeileta aliiweka juu ya benchi la mbao nzito, chini ya paa la mabati.

"Fundi, imekatika nikiilegeza tu."

"Uliongeza paipu kwenye spana?"

"Niliongeza, mzee."

Fundi aliitikia kwa kichwa, hakumlaumu. Alimwambia aiache hadi kesho yake jioni, akaanza kuitazama.

Alitazama muda mrefu kabla ya kushika kifaa chochote. Kipande kilichobaki kilikuwa kimechomoza milimita mbili hivi. Alikisugua kwa brashi ya waya hadi chuma kikang'aa, akapitisha ukucha pale kinapoingia kwenye alumini, akisaka ufa. Halafu akaigeukia bolti ya pili, ile nzima. Nati yake ilikuwa imetoka vizuri na thredi zake zilikuwa safi. Akaiacha. Uamuzi huo ulinivutia kuliko mengi yaliyofuata, kwa maana mwenye pupa angetaka kubadilisha zote mbili, na huenda jioni ingemkuta na bolti mbili zilizokatika.

Alifungua tangi la petroli na kabureta, akavipeleka mbali, upande wa pili wa ua. Akavuta kamba ya kuwashia polepole mpaka aliposikia mgandamizo ukikataa, akaacha hapo. Katika hali hiyo vali zote mbili zimefungwa, na chembe ya chuma ikidondoka kwenye tundu la ekzosi haiwezi kufika ndani ya silinda. Bado akaliziba tundu kwa kitambaa kilicholoa maji. Kisha akazungushia kile kipande mafuta mepesi ya kupenya kutu, akakigonga kichwani kwa nyundo ndogo. Mapigo yalikuwa mafupi na ya nguvu moja. Mapigo ya namna hiyo huvunjavunja kutu bila kuikunja bolti, na mafuta hupata njia. Aliongeza mafuta, akagonga tena, akaondoka kushughulikia boda boda iliyokuwa ikisubiri. Siku hiyo hakufanya zaidi ya hapo, ila kurudi kila baada ya muda na mafuta yake na nyundo yake.

Kesho yake alifuta mafuta yote, kwa kuwa sasa ulikuwa wakati wa moto. Alichagua nati ya milimita nane, akaisugua kwa grainda hadi mng'ao wa zinki ukatoka, maana zinki huharibu uchomeleaji na moshi wake hudhuru mapafu. Aliikalisha nati juu ya kipande. Waya wa athi aliubana kwenye kichwa cha silinda, karibu kabisa na kazi, ili umeme usipitie kwenye beringi za injini. Akashusha kinyago. Kwa rodi ya milimita 2.5 alianzia katikati ya tundu la nati, juu ya chuma cha bolti, akajaza kutoka ndani kwenda nje. Chuma kilichoyeyuka hakiungani na alumini kwa rodi hiyo, ila joto lake hushuka moja kwa moja hadi kwenye mzizi wa bolti. Kwa hiyo nati ile ni kichwa kipya na dawa ya kutu kwa wakati mmoja.

Mara ya kwanza nati ilibanduka. Aliitupa, akasafisha, akachomelea nyingine, safari hii akikaa na moto kidogo zaidi.

Hakushika spana papo hapo. Alisubiri wekundu uishe, akagusisha ncha ya mshumaa kwenye ukingo wa bolti. Nta ikayeyuka na kunyonywa ndani. Halafu kwa mwali wa gesi akapasha alumini iliyozunguka bolti, akizungusha mwali bila kuutuliza popote. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu hulegea. Ila ni metali ya hatari: alumini halisi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na haiwi nyekundu kwanza ili ikuonye. Fundi alipima kwa tone la maji. Liliporuka na kukauka papo hapo, akazima gesi.

Kabla ya kuzungusha, alichora mstari wa chaki kutoka kwenye nati hadi kwenye alumini. Spana ikisogea si lazima bolti nayo iwe imesogea; huenda inajipinda tu, na bolti inayojipinda iko karibu kukatika. Aliweka ring spana ya 13, mkono mmoja ukisukuma, kidole gumba cha mwingine kimelala juu ya nati. Kwanza alikaza, kidogo mno, upande usio wa kufungulia. Kisha akalegeza. Spana ilinesa kama ubua wa mtama, na pale pale mkono wake ukaacha. Akarudia kukaza, akalegeza. Mlio mkavu, mfupi, ukasikika, na mstari wa chaki ukaachana.

Mwingine angeendelea kuzungusha kwa furaha. Yeye alirudisha bolti ilikotoka, akatia mafuta, akaileta mbele robo mzunguko, akairudisha nusu ya hiyo. Ilipolia aliongeza mafuta. Ilipokuwa nzito alingoja. Ilitoka nzima, thredi zake zimejaa unga mweupe na kutu.

Nilimuuliza kwa nini hakutoboa na kutumia ekstrakta, kifaa cha kung'olea bolti iliyokatika. Akasema ekstrakta ni chuma kigumu mno, na ikikatikia ndani drili ya kawaida haiigusi. Kwake kutoboa ni njia ya mwisho, na akifika hapo hupiga panchi katikati kabisa na kuanza na drili ya milimita tatu.

Alipitisha tapu ya kusafishia thredi kwenye tundu kwa mkono, akiirudisha nyuma kila nusu mzunguko ili kuvunja chembe za alumini, akapuliza, akafunga bolti mpya iliyopakwa grisi ya shaba.

Msomaji mwenye pampu, spana ikinesa, iache. Tia mafuta, ngoja hadi kesho, na ikikataa tena ipeleke kwa fundi ikiwa bado nzima. Akikutajia bei, usiilinganishe na bei ya bolti. Ilinganishe na bei ya kichwa kipya cha silinda, umlipe.